Chromis Yuko Ngeli Gani?

Mwaka 1894 Albert Günther, bingwa wa samaki katika jumba la makumbusho la London, alichapisha maelezo ya samaki waliokusanywa Ziwa Tanganyika na Edward Coode Hore, baharia wa shirika la wamisionari aliyeishi miaka mingi kandokando ya ziwa hili. Watatu kati yao aliwapa jina moja la mwanzo: Chromis tanganicae, Chromis burtoni, Chromis diagramma. Leo hakuna hata mmoja anayeitwa hivyo. Wa kwanza, ngege anayejulikana kila soko kuanzia Uvira hadi Baraka, ni Oreochromis tanganicae. Wa pili ni Astatotilapia burtoni. Wa tatu ni Simochromis diagramma. Neno Chromis lenyewe, linalosomwa kromis, limerudishwa kwa samaki wa baharini, na ziwani umebaki mkia wake tu.

Mkia huo, hata hivyo, umezaa sana. Limnochromis, Petrochromis, Julidochromis, Telmatochromis, Callochromis, Cyprichromis, Boulengerochromis: wote ni wa Tanganyika, wote ni wa jamii ya sikilidi, ambayo humu ziwani ina spishi zaidi ya 200, karibu zote zisizopatikana kwingine duniani. Mwanafunzi wa Uvira anayesoma Biochimie hukutana na majina haya kabla hajajua yametoka wapi, naye huyameza kama mtu anavyomeza kidonge. Jambo linalonishughulisha ni kwamba majina haya yana sarufi, na sarufi hiyo ni ya aina ambayo mzungumzaji wa Kiswahili ameizoea tangu utotoni. Swali kubwa lililowasumbua wataalamu kuhusu chromis lilikuwa swali la upatanisho: je, ni neno la kiume au la kike? Kwetu sisi tungeuliza: yuko ngeli gani?

Tuanze na asili. Kwa Wagiriki chromis alikuwa samaki wa baharini. Aristotle, katika historia yake ya wanyama, anasema samaki hawana sauti kwa kuwa hawana mapafu wala koo, lakini wapo wanaotoa mlio, na chromis ni mmoja wao. Mahali pengine anamtaja miongoni mwa samaki wenye masikio makali, na tena miongoni mwa wale wenye jiwe kichwani. Mlio, usikivu, jiwe la kichwani: sifa hizo zinawaelekea samaki wanaonguruma wa Bahari ya Kati, ambao mabaharia huwasikia kupitia mbao za chombo. Wanaochunguza asili ya maneno huliunganisha jina hili na maneno ya Kigiriki ya mlio, kama ule wa farasi. Vitabu vingi vya wafugaji wa samaki wa mapambo husema limetokana na chroma, rangi, kwa sababu sikilidi wana rangi nzuri. Maelezo hayo yanapendeza, lakini si ya kweli. Aristotle hakuwahi kuona sikilidi wa Tanganyika, na aliyemwandika alijulikana kwa kelele, si kwa uzuri.

Jina lilivuka likaingia Kilatini kama maneno mengi ya Kigiriki ya uvuvi yalivyoingia, kwa sababu Warumi waliwasoma Wagiriki na wakawanunua wavuvi wao. Hapo ndipo mgogoro ulipoanza. Tunao mashahidi wawili wa karne ya kwanza. Wa kwanza ni shairi fupi juu ya uvuvi liitwalo Halieutica, ambalo kwa kawaida lilihesabiwa kuwa la Ovidius. Humo chromis anapewa kivumishi cha kumdharau, na kivumishi hicho kiko katika umbo la kike. Shahidi wa pili ni Plinius Mkubwa, katika kitabu cha 32 cha elimu yake ya viumbe. Akiwataja samaki aliowapata kwa Ovidius, anasema chromis hujenga kiota majini, na kirejeshi anachokitumia kwa samaki huyo ni cha kiume. Yaani mwandishi anamnukuu mshairi, na bado jinsia ya neno haikuvuka salama kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine.

Msomaji wa Kifaransa angeshangaa. Yeye huona jinsia ya neno kwenye kibainishi kilicho mbele yake, naye amefundishwa kwamba jibu ni moja. Mtu wa Uvira hana sababu ya kushangaa. Shuka ufukweni Kalundu mitumbwi inaporudi asubuhi, utasikia watu wakisema hii samaki, samaki yangu, samaki ya Tanganyika. Panda darasani, mwalimu wa Kiswahili sanifu atasahihisha: samaki huyu, samaki wangu, samaki wa Tanganyika. Neno ni lile lile, limetoka Kiarabu likaongezewa irabu mwishoni, nalo lilipofika halikuja na kiambishi chochote cha kuonyesha ngeli yake. Kila jamii ililipokea ikaliweka ilipoona panafaa. Wengine wamelifuata umbo, wakaliweka na nyumba na ngoma. Wengine wameifuata maana, wakaliweka na watu na wanyama.

Chromis naye aliingia Kilatini bila alama. Katika Kilatini mwisho -us mara nyingi huonyesha neno la kiume na mwisho -a la kike, lakini mwisho -is hausemi kitu. Piscis, samaki, ni la kiume. Avis, ndege, ni la kike. Navis, merikebu, ni la kike. Kigiriki nacho hakikusaidia: polis, mji, ni la kike, na ophis, nyoka, ni la kiume. Aliyetaka kuliunganisha neno hili na kivumishi ilimbidi aamue mwenyewe.

Nadhani uamuzi wa Plinius unaelezeka. Alikuwa akiorodhesha samaki, na samaki kwa Kilatini ni piscis, neno la kiume. Kirejeshi chake huenda hakikutazama umbo la chromis hata kidogo, bali kilitazama kile chromis alicho. Tunalijua jambo hilo kutokana na kiboko, ambaye hayuko mbali nasi: delta ya Ruzizi ina viboko hadi leo. Kwa umbo, kiboko angekwenda na kiti na kitabu. Kwa maana ni mnyama, kwa hiyo Kiswahili sanifu husema kiboko mkubwa huyu amelala. Upatanisho wa maana umeushinda upatanisho wa umbo. Mshairi wa Halieutica huenda alifuata mazoea mengine ya masikio yake, kwa kuwa majina mengi ya samaki yaliyotoka Kigiriki yalikuwa ya kike: perca, kutoka perke, ni mfano ulio wazi, kwa sababu Kigiriki kilikuwa na mwisho wa kike na Kilatini kikaupokea kama -a. Kwa perca hakuna ugomvi. Ugomvi huja pale neno linapoficha uso.

Karne kama kumi na saba zilipita, kisha neno likapewa kazi mpya. Linnaeus alilitumia mwaka 1758 kama jina la pili la samaki mdogo mweusi wa Bahari ya Kati, Sparus chromis. Mwaka 1814 Georges Cuvier, huko Paris, akalifanya jina la jenasi, na samaki huyo akawa Chromis chromis. Si samaki wa Aristotle, lakini jina lilikwisha kushika. Wataalamu wa karne ya 19 wakalitandaza zaidi: samaki wa Mto Nile tunayemjua leo kwa biashara ya mabwawa, wengine walimwandika Chromis niloticus, wengine Chromis nilotica, na kwa njia hiyo jina la baharini likaingia mitoni na maziwani mwa Afrika. Ndiyo sababu Günther, alipofungua chupa za Hore, aliona Chromis. Yeye mwenyewe miaka michache kabla, mwaka 1889, alikuwa ameunda jina Oreochromis kwa samaki wa Ziwa Chala chini ya Kilimanjaro. Oros ni mlima kwa Kigiriki, kwa hiyo huyo ni chromis wa mlimani.

Sasa tuangalie kwa karibu kinachotokea jenasi inapobadilika. Mwaka 1901 Georges Albert Boulenger, Mbelgiji aliyefanya kazi London, alieleza samaki wa Tanganyika kwa jina Paratilapia aurita. Aurita maana yake mwenye masikio. Paratilapia huisha kwa -a, linahesabiwa kuwa la kike, na kivumishi kikaitika kwa -a. Baadaye samaki huyo akahamishiwa Limnochromis, chromis wa ziwani. Kwa kuwa chromis anahesabiwa kuwa wa kiume, kivumishi hakikuweza kubaki kilivyokuwa, kikawa auritus. Samaki hakubadilika, sifa haikubadilika, wala hakuna aliyepiga kura juu ya herufi hizo mbili za mwisho. Nomino ilipobadilika, kivumishi kikafuata, kama vile kitu kizuri kinavyokuwa jambo zuri na watu wazuri. Jina la Boulenger limebaki mwishoni, ila sasa limefungwa katika mabano pamoja na mwaka wake: ishara kwa wanaojua kwamba mtaalamu huyo ndiye aliyemweleza samaki kwanza, lakini katika jenasi nyingine.

Mfano unaowagusa watu wengi zaidi ni wa samaki wa mabwawa. Waliosoma ufugaji wa samaki zamani walifundishwa Tilapia nilotica. Wanaosoma leo hufundishwa Oreochromis niloticus, hasa tangu Ethelwynn Trewavas alipochapisha kitabu chake kikubwa juu ya kundi hilo mwaka 1983. Nimekutana na mafundi wa mabwawa katika bonde la Ruzizi wanaoamini kwamba nilotica na niloticus ni samaki wawili, na mmoja akaniuliza yupi anakua haraka. Swali lake lilikuwa la haki kabisa, maana hakuna aliyewahi kumweleza kwamba tofauti ile ni ya sarufi. Na ndani ya badiliko hilo kuna jambo ambalo lingepaswa kumvutia kila mzungumzaji wa lugha ya Kibantu. Tilapia, jina lililotungwa na Andrew Smith mwaka 1840, kwa maelezo yanayokubalika zaidi limetokana na tlhapi, neno la Kitswana lenye maana ya samaki. Neno la Kibantu liliingia Kilatini, likapata mwisho -a, likapangwa kuwa la kike kwa umbo lake. Kisha samaki yule akaondolewa kwenye jina la Kibantu la kike na kupewa jina la Kigiriki la kiume.

Si kila jina la pili hufuata mkondo huo. Astatotilapia burtoni amewahi kuwa Chromis, akawa Haplochromis, kisha akafika alipo, na burtoni haikutikisika. Sababu ni kwamba burtoni si kivumishi. Ni umbo la umilikaji, wa Burton, likimkumbuka Richard Burton, aliyefika Uvira kwa mtumbwi pamoja na John Hanning Speke mwezi wa Aprili 1858 wakiutafuta mto unaotoka kaskazini mwa ziwa, wakaambiwa na wenyeji kwamba Ruzizi huingia, hautoki. Hapa Kilatini na Kiswahili vinaachana, na ni vizuri kuona vinaachania wapi. Sisi husema samaki wa Burton, mto wa Burton, safari ya Burton, vitabu vya Burton: kiunganishi hutazama nyuma, kwa kinachomilikiwa. Kilatini hakitazami huko. Umbo la umilikaji hutazama mwenyewe tu: mwanamume huishia -i, mwanamke -ae. Ndiyo maana mukeke ni Lates stappersii, kwa heshima ya Louis Stappers, Mbelgiji aliyechunguza ziwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na sangala ni Lates mariae, wa Maria.

Uvira ina sehemu yake katika umbo hilo. Katika miamba ya Makobola, kusini kidogo ya mji, huishi samaki mwembamba mwenye miraba ya kahawia iliyokolea juu ya mwili wa rangi ya maziwa. Hukaa nyufani na mwenziwe, na mayai huyabandika juu ya dari la pango. Mtaalamu wa samaki Max Poll alimpa jina Julidochromis marlieri mwaka 1956, kwa heshima ya Georges Marlier, aliyeongoza kituo cha utafiti wa maji cha taasisi ya IRSAC hapa Uvira, kituo kilichokuja kuitwa CRH. Sehemu ya kwanza ya jina hilo nayo ni nomino ya Kigiriki, ioulis, samaki mwingine wa baharini, na ile d inayojitokeza katikati ni ya shina lake, ambayo hujificha neno linapokuwa peke yake. Poll huyo huyo mwaka 1950 alikuwa ameunda Tanganicodus irsacae. Mwanzo ni Tanganyika na odous, jino kwa Kigiriki. Mwisho ni IRSAC yenyewe, kifupisho cha taasisi iliyoanzishwa mwaka 1947, kimegeuzwa nomino ya Kilatini na kupewa -ae ya kike. Kwa Kifaransa taasisi ile ni neno la kiume. Poll aliliona neno jipya, akaliamulia jinsia.

Liko pia kundi la majina yasiyobadilika kwa sababu ni nomino zilizowekwa kando ya nomino. Microlepis, gamba dogo, ndilo la kawaida zaidi: kuhe ni Boulengerochromis microlepis, na zamani aliitwa Tilapia microlepis, yupo Lates microlepis, yupo na Perissodus microlepis, anayekula magamba ya wenziwe. Jenasi tatu, jina la pili moja, herufi zile zile. Ndagala, Stolothrissa tanganicae, ana utulivu wa namna hiyo kwa sababu ya umilikaji. Thrissa ni nomino nyingine ya Kigiriki, ya kike bila shaka yoyote, iliyotajwa na Strabo kati ya samaki wa Nile.

Ubishi wa chromis uliendelea hadi karne ya 20. Samaki mdogo wa matumbawe anayepatikana pwani ya Kenya, Tanzania na Zanzibar aliandikwa na wengine Chromis caerulea na wengine Chromis caeruleus, kabla hajahamia jina Chromis viridis, ambalo kwa bahati njema halibadiliki kati ya kiume na kike. Tume ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama ikakata shauri: Chromis ni la kiume, na kila jenasi inayoishia kwa mkia huo ni ya kiume. Kanuni zake zinasema pia kwamba neno la Kigiriki au Kilatini lenye jinsia mbili huhesabiwa kuwa la kiume, isipokuwa mtungaji wa jina awe ameonyesha vinginevyo. Mimi naona uamuzi huo ni sahihi, kwa sababu ya kirejeshi cha Plinius na kwa sababu jedwali la majina elfu kadhaa haliwezi kuachwa likiyumba. Lakini ni uamuzi. Kitabu kinachomwambia mwanafunzi kwamba chromis ni wa kiume kwa asili yake kinamnyima sehemu nzuri ya hadithi.

Katika sekondari zetu za Kongo sehemu ya Latin-Philo na sehemu ya Biochimie mara nyingi hutenganishwa na ukuta mmoja. Upande mmoja wanakariri vivumishi vya Kilatini kwa mifano ya majeshi na miungu ya Roma. Upande wa pili wanakariri majina ya samaki bila kujua kwamba hivyo ni vivumishi. Na wote, wakitoka nje, huzungumza lugha ambayo haiwezi kutamka sentensi mbili bila kupatanisha. Mwalimu angeweza kuandika ubaoni aurita na auritus, kizuri na mzuri, burtoni na wa Burton, akawauliza wanafunzi kipi kinafuata nini. Somo hilo halihitaji maabara wala vifaa kutoka nje. Linahitaji mwalimu anayeamini kwamba Kiswahili kinaweza kuwa ufunguo wa elimu hii, na imani hiyo ndiyo iliyokosekana, maana tumefundishwa kuingia katika Kilatini kwa mlango wa Kifaransa, lugha ambayo upatanisho wake mwingi huandikwa bila kusikika.

Na wale samaki wenyewe? Madume ya Astatotilapia burtoni, yanapotaka kumvuta jike, hutikisa mwili na kutoa milio midogo ya chini sana, ambayo watafiti wameinasa kwa vipaza sauti vya majini. Madume ya Cyathopharynx hubeba mchanga kwa kinywa na kujenga juu ya mwamba duara lenye kingo, na hapo jike huja kutaga. Aristotle alisema chromis hutoa mlio, Plinius akasema hujenga kiota, wote wakimwongelea samaki mwingine wa bahari nyingine.

Kazi ya kutoa majina haijaisha, kwani spishi mpya zinaendelea kuelezwa humu ziwani, na kanuni hazidai tena Kigiriki wala Kilatini. Jina la jenasi linaweza kutoka lugha yoyote, mradi liandikwe kwa herufi za Kilatini na liwe na jinsia. Mtungaji asipoitaja, kanuni humwamulia: likiishia -a ni la kike, likiishia -um, -on au -u si la kiume wala la kike, vinginevyo ni la kiume. Kwa hiyo mtafiti wa Uvira atakayetaka kuunda jenasi kwa maneno ya wavuvi wake anajua tayari vivumishi vitakavyoitika. Kuhe mkubwa angekuwa Kuhe magnus. Ndagala mkubwa angekuwa Ndagala magna.